Usiiache Chapati Kabla ya Kipimo: Kupima Siliaki kwa Mwenye Maradhi Mengine ya Kudumu

Binamu yangu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, ana kisukari aina ya kwanza tangu alipokuwa darasa la tano. Kwa miaka zaidi ya 20 ameishi na sindano, kipima sukari na daftari la kliniki, na anaujua mwili wake kuliko daktari yeyote aliyewahi kumwandikia dawa. Mwaka juzi sukari ilianza kumshuka bila sababu ya kueleweka: amechoma kiasi kilekile cha insulini, amekula sahani ileile ya wali na samaki, na baada ya saa moja jasho linamtiririka na mikono inamtetemeka. Pamoja na hayo tumbo lilikuwa likimjaa kila baada ya chai ya asubuhi, na damu haikupanda ingawa alikuwa amemaliza vidonge vya kuongeza damu mara tatu. Jirani alimshauri aachane na ngano, akaachana nayo, na tumbo likatulia. Miezi kadhaa baadaye daktari alipoagiza apimwe siliaki, majibu yalirudi kwamba hana kitu.

"Kaka, mimi chapati nimeiacha tangu mfungo sita," aliniambia tukiwa barazani kwao, kwa sauti ya mtu anayejivunia nidhamu yake. Hakujua, wala hakuna aliyemuuliza, kwamba nidhamu hiyohiyo ndiyo iliyokiharibu kipimo.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili huo. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka inayofanana na ngano. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike na mkate uumuke. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kazi ya vijidole hivyo ni kufyonza chakula kilichokwisha kusagika. Kwa mwenye siliaki vijidole hivyo huvimba, hufupika na mwishowe hulala kabisa, hivyo madini ya chuma, foliki, kalsiamu na hata baadhi ya dawa hupita bila kufyonzwa ipasavyo. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri na kumeza vidonge kwa uaminifu, na bado damu ikabaki chini.

Ugonjwa wenyewe unajulikana tangu zamani. Samuel Gee, daktari wa London, aliueleza kwa makini mwaka 1887, lakini hakujua chakula gani hasa kinauchokoza. Aliyelifungua fundo hilo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 aliishuku ngano, na wakati wa baa la njaa la mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, shaka yake ikapata nguvu kwa kuwa watoto wenye siliaki walipata nafuu katikati ya njaa, kisha wakarudi kuugua mkate uliporejea.

Kwa kuwa habari hizi zote ni za Ulaya, wengi wetu, wakiwemo watumishi wa afya, huiona siliaki kuwa maradhi ya Wazungu. Mazoea hayo hayana msingi. Miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana ugonjwa huu, wakati Ulaya makadirio ya kawaida ni mtu 1 katika 100. Kaskazini mwa India, wanakokula mikate ya ngano kila siku, siliaki ni jambo la kawaida kliniki, na Mashariki ya Kati hali kadhalika. Mji kama Tanga, wenye damu za bara, za Arabuni na za Bara Hindi zilizochanganyika kwa karne nyingi, na ambao kifungua kinywa chake ni chapati, maandazi na mkate wa ofa, hauna sababu ya kujihesabu salama.

Sasa turudi kwenye kipimo. Cha kwanza ni cha damu, na kwenye fomu ya maabara huandikwa tTG-IgA. Hakiitafuti gluteni, wala hakiutazami utumbo. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kwa sababu ya gluteni. Gluteni ikiondolewa, askari hupungua wiki kwa wiki, na vijidole vya utumbo navyo huanza kuota upya. Aliyeacha ngano kwa miezi kadhaa akienda kupimwa, maabara inaweza kusema kweli tupu kwamba haikuona kitu, na jibu hilo la kweli likampotosha mgonjwa na daktari wake kwa miaka. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuendelea kula ngano mpaka vipimo vyote viishe, na aliyekwisha kuiacha airudie kwa muda chini ya uangalizi. Miongozo ya Uingereza hutaka mtu ale chakula chenye gluteni zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 kabla ya kupimwa. Wataalamu wengine hutaja angalau gramu 3 za gluteni kwa siku, kwa wiki 2 hadi 8, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo jibu linavyoaminika.

Gramu 3 ni kiasi gani kwa lugha ya jikoni? Unga wa ngano una gluteni takribani gramu 8 hadi 10 katika kila gramu 100. Chapati moja ya kawaida hula unga wa gramu 50 hadi 60, kwa hiyo hubeba gramu 4 au 5. Andazi moja dogo hukaribia gramu 2 na nusu. Vipande viwili vya mkate vinafika gramu 3 au 4. Chapati moja asubuhi na andazi moja jioni zinatosha kabisa, na hakuna haja ya mtu kujilazimisha sinia zima.

Hapa pana mtego ambao miongozo ya Ulaya haikuufikiria. Kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya watu wanaokula mkate asubuhi, mchana na jioni. Kwetu mtu anaweza kujiona anakula kila kitu, kumbe wiki nzima amekula ugali wa sembe, wali wa nazi, muhogo, ndizi na vitumbua vya mchele, na ngano aliyoipata ni kaimati mbili za nyumba ya jirani. Huyo hajaacha ngano kwa makusudi, lakini mbele ya kipimo yuko sawa na aliyeiacha. Kinyume chake, wapo wanaodhani hawali ngano ilhali bokoboko wanalokula sikukuu ni ngano tupu, unga wa lishe waliosagisha umechanganywa ngano, na urojo wa jioni umekolezwa kwa unga huohuo. Kabla ya kutoa damu ni vizuri kuandika kwa siku saba kila kilichopita mdomoni, na karatasi hiyo iende kwa daktari pamoja na daftari la kliniki.

Jambo la pili kwenye fomu ni dogo na ndilo linalosahaulika zaidi. Herufi IgA zinataja aina moja ya kingamwili, na wapo watu ambao miili yao kwa kuzaliwa haitengenezi aina hiyo kabisa. Katika watu wote ni wachache, lakini kati ya wenye siliaki hufikia 2 au 3 katika kila 100. Kwa mtu kama huyo kipimo cha tTG-IgA kitasema hana ugonjwa hata kama utumbo wake umelala chali. Kwa sababu hiyo kiasi cha jumla cha IgA hupimwa papo hapo, na kikionekana kuwa chini mno, hutumika kipimo cha aina ya IgG. Majibu ya kwanza ya binamu yangu hayakuwa na mstari huo. Maabara iliyompima ilitoa kipimo kimoja, namba moja na neno moja, basi. Sitaitaja, kwa kuwa kosa lilianzia kwenye fomu iliyoandikwa nusu.

Ugumu halisi, hata hivyo, ni kwa mtu ambaye tayari ana maradhi mengine. Kwake kila dalili ina mwenyewe. Tumbo likivurugika husemwa ni dawa. Damu ikipungua husemwa ni minyoo, hedhi au malaria, hasa katika mkoa kama huu uliozoea kuitazama damu pungufu kwa jicho la malaria. Uchovu husemwa ni presha au mawazo. Kila maelezo peke yake yana mantiki, na kwa sababu hiyo swali la siliaki haliulizwi.

Kuna maradhi yanayotembea pamoja na siliaki. La kwanza ni kisukari aina ya kwanza, ambacho nacho ni kosa la kinga ya mwili, na vinasaba vinavyoyaandaa mazingira ya magonjwa haya mawili vinahusiana. Takwimu hutofautiana mahali na mahali, lakini kati ya wenye kisukari hiki wanaokutwa na siliaki huwa 3 hadi 10 katika kila 100, tena wengi bila kuharisha hata siku moja. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ya kisukari cha watoto hutaka wapimwe siliaki wanapogundulika, kisha tena baada ya miaka 2 na baada ya miaka 5. Dalili inayofaa kumshtua daktari ni kama ile ya binamu yangu: insulini inawahi, chakula kinachelewa kufyonzwa, na sukari inaporomoka katikati. Hapa inabidi kutenganisha mambo, kwa kuwa wengi wanaokaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari wana aina ya pili, na aina hiyo haina uhusiano huu. Mwenye aina ya pili anayeharisha akitumia metformini, dawa ya kushusha sukari, mara nyingi mkosaji ni metformini yenyewe.

La pili ni ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga ya mwili. Mgonjwa anayemeza levothairoksini na dozi yake ikawa inapandishwa kila miezi bila mafanikio anastahili kuulizwa kama utumbo wake unaifyonza dawa hiyo. Si kila rovu linahusika. Rovu la upungufu wa madini joto halina undugu na siliaki.

Maradhi mengine huiga. Kinyama, yaani kipande kidogo mno cha nyama kilichokatwa utumboni ili kisomwe maabara, kikionyesha vijidole vilivyofupika, wenzetu wa Ulaya hukaribia kusema kwa uhakika kwamba ni siliaki, lakini katika nchi za joto orodha ni ndefu: vimelea vya giardia, kifua kikuu cha tumbo, virusi vya UKIMWI vyenyewe, na uharibifu wa utumbo unaotokana na maambukizi ya mara kwa mara ya maji machafu. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walieleza kuhusu wagonjwa waliokuwa wakiharisha sana na kukonda, utumbo wao ukifanana kabisa na wa siliaki, kumbe chanzo kilikuwa olmesartani, dawa ya presha. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo. Kwa wagonjwa hao kingamwili za siliaki hazikuonekana kwenye damu, na kuacha ngano hakukuwasaidia, ila walipona baada ya kubadilishiwa dawa. Hata mabadiliko madogo, pale ambapo vijidole vina urefu wake lakini kuna chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida, yanaweza kuletwa na bakteria wa vidonda vya tumbo au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo watu wa pwani tunazinunua dukani kama pipi.

Kundi la tatu ni la maradhi na dawa zinazoificha siliaki au kuyavuruga majibu. Anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu kali au maumivu ya viungo ametulizwa kinga yake, na kingamwili zinaweza kuwa chini kuliko zinavyostahili. Mwenye selimundu tayari ana damu pungufu inayojulikana, kwa hiyo hakuna anayetafuta sababu ya pili. Tena kipimo cha feritini, ambacho huonyesha akiba ya chuma, hupanda kwake kwa sababu ya kuongezewa damu na kwa sababu ya uvimbe mwilini, kikamwonyesha ana akiba ambayo pengine haitumiki ipasavyo. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, nacho hudanganya: upungufu wa chuma huweza kukipandisha isivyo kweli, na kwa mwenye selimundu hakiaminiki kabisa. Mgonjwa anaweza kugombezwa kliniki kwa sukari ambayo hakuila.

Namba inayopanda kidogo tu nayo isipokelewe kwa pupa. Magonjwa ya ini na moyo kushindwa kufanya kazi huweza kuinua tTG-IgA kiasi kidogo, na kwa wenye kisukari aina ya kwanza namba ndogo wakati mwingine hushuka yenyewe huku mtu akiendelea kula ngano. Namba kubwa sana, mara kumi au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, ni habari nyingine. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inaruhusu ugonjwa kuthibitishwa bila kinyama, mradi kipimo cha pili cha kingamwili kwenye damu tofauti kiafiki. Kwa mtu mzima mwenye maradhi mawili matatu na dawa sita mezani, kwa maoni yangu kinyama kina thamani yake, kwa sababu ndicho kinachozuia miaka ya kubahatisha.

Kinyama hupatikana kwa kipimo cha kamera, ambacho wengi hukiita kumeza mpira. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na huchukua vipande visivyopungua vinne, pamoja na kimoja au viwili vya sehemu ya mwanzo kabisa, kwa kuwa uharibifu huwa wa mabaka na kipande kimoja kinaweza kuangukia penye uzima. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema vitachukuliwa vipande vingapi na vitapelekwa kusomwa wapi. Anayesafiri kutoka Pangani, Handeni au Lushoto kuja hospitali ya Bombo, au anayepelekwa hospitali kubwa za Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, asifike na barua isiyotaja siliaki, maana kamera iliyotumwa kutafuta vidonda vya tumbo hutazama tumbo, hutoka, na safari imekwisha.

Siku hiyo mgonjwa huwa hajala kwa saa 6 hadi 8, na hapo ndipo mwenye kisukari anapohitaji mpango wake mwenyewe. Insulini ya muda mrefu kwa mwenye aina ya kwanza haiachwi kwa kisingizio cha kufunga. Dozi hupangwa na daktari siku za kabla, pengine ikapunguzwa, na ile ya haraka husubiri mpaka chakula kirudi. Aombe kuwekwa wa kwanza asubuhi, aende na kipima sukari chake na mtu wa kumsindikiza, na sukari ikimshuka kwenye foleni aseme palepale, asione haya kwamba atapoteza zamu. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aulize wiki moja kabla, kwani mara nyingi kuchukua vinyama hivi hakudai dawa iachwe, na kuiacha kwa uamuzi binafsi kunaweza kuleta kiharusi ambacho hakikuwa njiani.

Kipo pia kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8, na faida yake ni ya upande mmoja. Asiyekuwa navyo karibu hawezi kuwa na siliaki, wala hahitaji kula ngano ili kujua hilo. Aliye navyo bado hajaambiwa kitu, kwani watu wengi sana wasio na ugonjwa wanavyo. Kinamfaa yule ambaye ameacha ngano siku nyingi na kuirudia kunamlaza kitandani. Wala kupata nafuu baada ya kuacha ngano hakuthibitishi siliaki, kwa kuwa ngano ina wanga fulani unaojaza gesi matumboni mwa watu wengi wenye utumbo mwepesi kuvurugika.

Binamu yangu aliirudia chapati kwa wiki 7. Tuliogopa sukari, na kweli wiki ya pili alilazimika kuamka saa nane usiku kila siku kujipima, daktari akampunguzia insulini ya milo. Safari hii fomu ilikuwa na mistari miwili. IgA ya jumla ilikuwa ya kawaida, tTG ilikuwa juu mno, na kinyama kikamaliza ubishi. Choo kilipimwa giardia na VVU vikapimwa, vyote bila kitu.

Alipoacha ngano rasmi, mambo yaligeuka upande wa pili. Utumbo ulipoanza kupona, chakula kikafyonzwa ipasavyo na mahitaji ya insulini yakapanda. Tena wali, muhogo na ugali wa sembe, vilivyochukua nafasi ya mkate, humpandishia sukari upesi, kwa hiyo hesabu ya milo ilibidi ianze upya na mtaalamu wa lishe. Damu ilipanda taratibu kwa vidonge vilevile vilivyokuwa vikishindwa. Bajia za kunde anakula, lakini za nyumbani, kwa kuwa za barabarani hukaangwa kwenye karai moja na maandazi, na muhogo wake anausagisha siku ambayo mashine imeanza na mahindi, kabla ya ngano ya mtu yeyote kupita. Kingamwili hurudiwa kupimwa baada ya miezi, nazo huweza kuchukua mwaka au miwili kushuka hadi kawaida.

Ndugu wa damu wa karibu wa mwenye siliaki, yaani wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto, wanaweza kuwa nayo kwa kiwango kinachofikia 1 katika 10, bila dalili yoyote. Binamu yangu ana watoto wawili, na tarehe ya kuwatoa damu imeandikwa kwenye kalenda iliyotundikwa ukumbini. Alitaka kuwaondolea ngano siku ileile alipopewa majibu yake. Sasa kila asubuhi, kabla hawajaenda shule, mama ambaye mwenyewe haruhusiwi hata kuonja anawapikia maandazi, anawahesabia mawili kila mmoja, kisha ananawa mikono hadi kwenye viwiko.